Droni ya Harusi na Uani wa Jirani

Kama umehudhuria harusi tatu nne katika miaka hii ya karibuni, unaifahamu ile picha. Msafara wa magari unaonekana kutoka juu, yamejipanga kama siafu, gari la maharusi limefungwa maua, kisha kamera inapanda, inapanda, mpaka ukumbi mzima unabaki saizi ya kiberiti. Muziki wa taratibu unaingia. Sebuleni watu wanapiga makofi na mama mzazi anafuta machozi. Siku hizi video ya harusi bila picha ya juu ni kama pilau isiyo na nyama: watu watakula, lakini wataondoka wakinong'ona.

Na mimi sisemi ni mbaya, mpenzi msomaji. Ni nzuri, tena sana. Ila nimekaa kwenye kamati za harusi za kutosha, na sijawahi kumsikia mjumbe hata mmoja akiuliza swali juu ya kile kipengele cha droni kinachokaa kwenye bajeti kati ya keki na mapambo. Kuku tunamjadili nusu saa. Viti tunavihesabu mara mbili. Droni inapita kimya kimya. Hakuna anayeuliza nani anairusha, ana kibali gani, na ikiwa kule juu itaona nini kingine zaidi ya maharusi.

Tabora, mji wa uani

Swali hili lilinikaa kichwani nilipokwenda Tabora kwenye harusi ya binamu yangu. Nilibaki wiki nzima, maana Tabora ukishafika huondoki haraka. Ni mji wa miembe, asali na watu wasio na papara.

Wengi wetu tuliosoma historia tukiwa na usingizi tumesahau kwamba hapa ndipo ilipokuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo watu walitembea kwa miezi mpaka Unyanyembe, kisha njia ikagawanyika: wengine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, wengine magharibi kupitia Uvinza kwenye chumvi mpaka Ujiji ziwani. Burton na Speke walifika hapa Novemba 1857, wakati huo pakiitwa Kaze. Pale Kwihara, kilomita chache nje ya mji, bado lipo tembe walilokaa Stanley na Livingstone mwaka 1872, na siku hizi ni makumbusho. Livingstone alibaki pale mpaka Agosti akisubiri wapagazi, ndipo akaanza safari ambayo hakurudi.

Nenda Kwihara ukaliangalie tembe lile kwa macho ya mtu anayetafuta nyumba ya kupanga. Kwa nje ni ukuta tu, na mlango mmoja. Maisha yote yako ndani, vyumba vimeuzunguka uani ulio wazi juu. Nyumba nyingi za zamani za mji huu, za watu wa pwani waliokuja na misafara na za wenyeji waliochanganyika nao, zinafuata akili hiyo hiyo. Mgeni anaishia barazani. Ndugu anaingia ukumbini. Uani ni kwa wa nyumbani tu. Huko ndiko mama anasukwa nywele, mtoto anaogeshwa, nguo za ndani zinaanikwa, bibi anavua baibui na kukaa na kanga moja kifuani kwa sababu jua la Oktoba hapa halina utani.

Na uani una sheria yake, hodi. Unapiga hodi mara tatu, usipoitikiwa unarudi ulikotoka. Hata mwizi wa zamani alilazimika kupanda ukuta, na akipanda mbwa wanabweka. Fundi aliyejenga ukuta ule alifikiria jicho la mpita njia, jicho la aliyepanda punda, labda jicho la jirani mwenye ngazi. Jicho linaloning'inia angani mita arobaini juu ya kisima hakulifikiria. Angelifikiriaje?

Sekunde nne

Sasa sikiliza kilichotokea. Harusi yenyewe ilifanyika mtaa mmoja wa zamani, karibu na nyumbani kwa bibi harusi. Kijana wa droni alikuwa hodari, tena mstaarabu, akirusha ndege yake juu ya mapaa ya mabati ili apate picha ya msafara ukitoka msikitini. Siku ya tatu video fupi ilitoka, dakika mbili na nusu, na ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Kufika jioni ilikuwa imesambaa kwenye makundi ambayo hata hatuyajui.

Nyumba ya tatu kutoka kwa bibi harusi alikuwamo mjane kijana. Mumewe alikuwa amefariki miezi miwili kabla, na yeye alikuwa ndani ya eda. Wasomaji wetu wasio Waislamu wajue kwamba eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatoki bila dharura, hajumuiki kwenye sherehe. Siku ile alisikia mvumo juu ya uani wake, akainuka mkekani, nywele wazi, kanga imemteleza begani, akanyanyua uso na mkono mmoja kukinga jua. Kwenye video anaonekana sekunde nne. Chini yake unapigwa muziki wa harusi. Ukiangalia haraka haraka, utadhani anapunga mkono na kucheza.

Shemeji zake waliangalia haraka haraka.

Nilikwenda kumsalimia pamoja na shangazi yangu, maana familia zinafahamiana. Hakulia wala hakufoka. Alisema neno moja tu ambalo mpaka leo nalikumbuka: "Dada, mimi nilikuwa ndani." Mama yake mkubwa, aliyekuwa anachambua mchele pembeni, ndiye aliyekuwa mkali. "Ukuta huu marehemu baba yao aliupandisha mpaka majirani wakamwambia anajenga boma. Kumbe angejenga na paa?"

Sasa njoo kwenye sehemu inayotuhusu sisi wa gazeti hili. Bibi harusi aliposikia alitaka video iondolewe kila mahali, siku hiyo hiyo. Bwana harusi akagoma. Hoja yake ilikuwa kwamba hela ilishalipwa, picha ile ya msafara ndiyo bora kuliko zote, na sekunde nne nani anaziona? Ndoa ina siku tano na tayari wawili wamenuniana. Yeye aliona jirani anawaharibia kumbukumbu. Mkewe aliona wao ndio waliomharibia jirani maisha, tena yeye ndiye atakayekutana na yule dada kisimani kila anapokwenda kwa mama yake. Nani kati yao alikuwa sahihi? Mimi upande wangu naujua, na sioni haya kuusema: mke. Kumbukumbu ya harusi yako haiwezi kujengwa kwa aibu ya mtu ambaye hata hukumpa kadi.

Baada ya mama mkwe kuingilia kati, bibi harusi na mama yake walikwenda kuomba radhi, na kijana wa droni akaikata ile sehemu bila kudai senti. Lakini video iliyokwishatumwa haina kamba ya kuivutia nyuma.

"Hewa ni ya wote"

Nilipozungumza na yule kijana alinijibu kwa upole, "Dada, mimi sikuingia kwa mtu. Nilipita angani. Hewa ni ya wote."

Si hoja ya kijinga. Marekani iliwahi kufika mpaka Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile, mwaka 1946, kwa sababu ya kuku. Mfugaji mmoja wa North Carolina alilalamika kwamba ndege za jeshi zinapita chini mno juu ya banda lake, kuku wanaruka kwa hofu na kujibamiza ukutani mpaka wanakufa. Mahakama ikasema anga ya juu ni njia ya umma, ila ile hewa iliyo karibu kabisa na ardhi yako ni sehemu ya raha ya kukaa kwako, na mfugaji akastahili fidia. Kwetu Tanzania hoja ya kumiliki ardhi haitufikishi mbali, kwani kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Lakini Ibara ya 16 ya Katiba yetu inamtazama mtu mwenyewe. Inahifadhi nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake, hata unyumba wake. Ndiyo, neno unyumba limo ndani ya Katiba, kama ulikuwa hujui. Kwa hiyo swali si hewa ni ya nani. Swali ni yule aliyekuwa chini ya hewa hiyo alikuwa amejihifadhi au hakujihifadhi.

Halafu kuna vibali, na hapa vijana wengi wanateleza. Kuanzia kanuni za mwaka 2018, droni zinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na kibali chao peke yake hakitoshi, kwani lazima Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa nayo iridhie. Watu wanaliona hili kama usumbufu. Lakini simama katikati ya Tabora uangalie: uwanja wa ndege uko karibu na mji, kambi ya jeshi ya Milambo ipo, reli na stesheni ya tangu enzi za Mjerumani zipo. Kijana anayetafuta picha ya machweo juu ya miembe anaweza bila kukusudia kurekodi mahali ambapo hata kwa simu ya mkononi usingethubutu kupapiga. Akikamatwa, maharusi nao wataitwa kueleza walimpa kazi gani. Ukitaka kurusha ndani ya hifadhi za taifa, TANAPA nao wana kibali chao. Usijidanganye kwamba fungate inasamehe.

Kubwa zaidi kwa mtu kama yule mjane ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kufanya kazi Mei 2023. Tume yake ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024, na mwananchi anaweza kupeleka malalamiko huko. Wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wanatakiwa kujisajili. Picha inayokutambulisha ni taarifa yako, si ya aliyebonyeza kitufe. Wenzetu wa Kenya wameshaonja. Septemba 2023 Kamishna wao wa Ulinzi wa Data alizitoza faini taasisi tatu kwa pamoja, na mbili kati yake kosa lilikuwa picha. Shule moja ya Uthiru ilitozwa shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kutoa picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na klabu moja ya starehe ilitozwa 1,850,000 kwa kumweka mteja wake mtandaoni bila kumuuliza. Kule hakukuwa na droni, ni kamera za kawaida tu. Piga hesabu mwenyewe ikiwa kamera ina mabawa.

Nyuki asiye na mwiba

Wako wanaoiita droni ndege nyuki, na kwa Tabora jina hilo limekaa mahali pake. Wafugaji wa nyuki wa Sikonge watakwambia dume la nyuki linavuma sana lakini halina mwiba, na asali halitengenezi. Ndege nyuki hii angalau inafanya kazi, na haki yake tuipe. Mwaka 2018 ilibebeshwa dawa kutoka Mwanza mpaka kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 juu ya Ziwa Victoria kwa dakika 40 hivi. Zanzibar kuanzia 2016 vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa walivipiga picha visiwa vyote ili kutengeneza ramani. Pembeni mwa Serengeti na Tarangire imetumika kuwafukuza tembo mashambani, maana tembo na ukubwa wote ule wanauogopa mvumo wake. Na huku huku magharibi, kwenye misitu ya bonde la Issa, watafiti wameitumia kutafuta viota vya sokwe. Sokwe, kwa bahati nzuri, hawana kundi la WhatsApp.

Je, ikianguka? Zile ndogo kabisa hazifiki gramu 250, ila nyingi za kazi ya harusi zinakaribia kilo. Kitu cha uzito huo kikikatika kutoka mita 50, ukiacha upinzani wa hewa, kinafika chini kwa kasi ya karibu kilomita 110 kwa saa, juu ya kichwa cha shangazi mwenye kilemba. Oktoba 2006 ndege isiyo na rubani ya jeshi la Ubelgiji, kubwa kuliko hizi zetu, ilianguka Kinshasa ikaua raia. Na uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, Desemba 2018 ulisimama kwa sababu watu walisema wameona droni: safari kama 1,000 zikavurugika, abiria takriban 140,000. Mume na mke walikamatwa, ikaonekana hawahusiki kabisa, na mwaka 2020 polisi wakakubali kuwalipa fidia. Mwenye droni hajapatikana hata leo.

Wivu wenye mabawa

Hapa naomba tuzungumze wawili wawili. Msomaji mmoja wa kike aliwahi kuniuliza, akicheka lakini macho hayacheki, kama ni kosa kumwazima shemeji yake droni aangalie gari la mume limeegeshwa wapi Jumamosi mchana. Nilimjibu kwa swali: ukiliona, utafanya nini na picha hiyo? Hakuwa na jibu. Mwenzako ana haki ya uani wake hata kama mnalala kitanda kimoja. Ukifika mahali pa kumfuatilia kutoka angani, kilichovunjika kimeshavunjika, na video haitakiunga. Tena picha uliyoichukua juu ya nyumba ya mtu wa tatu inaweza kukugeuza wewe uliyeonewa kuwa mshitakiwa.

Liko na hili la usalama wa nyumba, ambalo wanandoa wapya hawalifikirii kabisa. Mmejenga, mmehamia, mnataka kuwaringishia marafiki. Mnaweka video ya juu: geti liko wapi, ukuta wa nyuma umeishia wapi, mbwa wamefungwa upande gani, magari mangapi. Na faili nyingi za droni zinabeba ndani yake namba za mahali zilipopigwa, mita kwa mita. Wakati wa misafara viongozi walilipa watu watangulie wakachungulie ngome iliyo mbele ina bunduki ngapi. Agosti 1871 Stanley akiwa Kwihara aliona moshi wa Tabora ikiungua mikononi mwa Mirambo, na kazi ya kwanza aliyoifanya ilikuwa kuziimarisha kuta za tembe. Sisi tunawapa wachunguzi ramani bure, tukiongeza na muziki.

Na ikiwa droni inaning'inia juu ya uani wako? Usirushe jiwe wala usichukue gobore la babu. Mwaka 2015 huko Kentucky, Marekani, baba mmoja aliitungua droni juu ya nyumba yake wakati binti yake akiwa nje, akafunguliwa mashitaka, na hakimu akayafuta. Usimwige. Kwetu unaweza kujikuta na kesi ya kuharibu mali, na betri inayopasuka huwaka moto. Ingia ndani, chukua simu, rekodi ilipo na muda, kisha angalia inarudi wapi. Betri nyingi hazivuki nusu saa, kwa hiyo mwenyewe yuko jirani tu. Mfuate na mtu mzima wa mtaa au mjumbe, umwombe muione kadi ya kumbukumbu pamoja. Akikataa, nenda polisi, na malalamiko ya picha yako yapeleke kwa Tume.

Kabla hamjalipa

Mnaopanga harusi, mwiteni mpiga picha kabla ya kutoa hata nusu ya malipo. Mwambieni alete vibali, viwili, vya tarehe na mahali penu, si picha ya kibali cha harusi ya mwaka jana. Muulizeni ndege itapita juu ya nyumba za nani, na mtume vijana wawili wa familia wakapige hodi kwenye nyumba hizo siku moja kabla: "Shikamoo mama, kesho saa kumi jioni kutakuwa na kamera juu kwa dakika ishirini." Hiyo haina gharama, labda soda. Kwenye mkataba andikeni kwamba video haitumwi popote mpaka nyinyi wawili mmeitazama yote, kwamba sura ya mtu asiye mgeni wenu inakatwa au inafichwa, na picha ghafi mnakabidhiwa nyinyi, nakala yake inafutwa. Yeye atataka kuitumia kujitangaza. Hilo nalo liandikwe, ndiyo au hapana, na mjibu wote wawili, maana nimeona bwana akisaini na bibi akishangaa.

Kibali kikichelewa, msilazimishe. Mpiga picha mmoja mkongwe wa Tabora alinionyesha kifaa chake: nguzo nyepesi ya mita sita, kamera imefungwa kileleni, anaiinua kwa mikono akiwa amesimama nyuma ya pikapu. Msafara ukipita chini ya miembe anaupata wote, majani yanagusa kioo, na anatoza nusu ya bei ya droni. Ukuta wa jirani hauvuki, alisema, labda jirani mwenyewe asimame juu ya ndoo.